Kamera Chini ya Meli: Tuliyojifunza kwa Kurudia Kazi

Anayelipia kazi ya chini ya maji haendi chini. Nahodha, mkaguzi, mhandisi wa kampuni na mtu wa bima wote hubaki juu wakimsubiri mzamiaji apande awaeleze alichokiona. Zamani neno lake lilitosha. Siku hizi wanataka picha, na picha yenyewe wanaihoji: hii ni sehemu gani ya meli, hiki kinachoonekana ni nini, na kina ukubwa gani? Picha isiyojibu hayo matatu hurudishwa. Kuirudia maana yake ni boti tena, kompresa tena, kibali tena, na timu nzima majini. Timu ndogo ya uzamiaji wa hewa ya mpira, yaani hewa inayoshushwa kwa mzamiaji kupitia mpira kutoka juu, ina watu 5: msimamizi, mzamiaji, mzamiaji wa akiba, na mshika mpira wa kila mmoja wao. Hao wote hulipwa siku ya pili kwa sababu ya picha moja iliyokosa rula, na mara nyingi gharama hiyo haimwangukii mteja.

Tunayoeleza hapa ni ya ukaguzi wa meli ikiwa ingali majini, ambao hufanywa badala ya kuipandisha chelezoni pale shirika linaloihakiki meli linaporidhia. Kwa kiasi kikubwa yanafaa pia kwa nguzo za gati, mabomba na maboya. Tumeyafuata kwa mpangilio wa kazi, tangu jana yake hadi ripoti.

Kazi ya picha huanza kwa kuangalia maji, kamera baadaye. Katika bandari kama Kilindini ya Mombasa, tofauti ya maji kujaa na kupwa wakati wa bamvua hupita mita 3, na maji yanapotoka hori ya Port Reitz hubeba tope lote la mikokoni. Msimu wa masika, mto Mwache unapokuwa umefura, maji hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Kwa hiyo siku ikichagulika, chagueni maji mafu, siku ambazo maji hujaa na kupwa kidogo. Saa ikichagulika, lengeni maji yaliyojaa na kusimama, kwa kuwa hapo maji yaliyomo bandarini yametoka bahari kuu. Kusimama huko ni kwa muda mfupi. Picha za jumla pigeni wakati maji yanaelekea kujaa, na zile za karibu zinazohitaji utulivu, kama michomo (maungio ya chuma yaliyochomelewa), sili inayozuia maji kwenye shafti ya rafadha (propela) na vishimo vya kutu, ziwekeni pale maji yanaposimama. Tulizoea kupanga kazi kwa kufuata muda wa boti, tukawa tunapanda na picha 140 za ukungu wa kijani. Inakatisha tamaa sana, maana mzamiaji amefanya kila kitu sawasawa na bado hana cha kuonyesha.

Usiku wa kuamkia kazi ndipo kasha la kamera hufungwa. Lifungeni chumbani penye kiyoyozi, hewa ikiwa kavu, na muweke pakiti mbili za silika jeli mahali zisipoweza kusogea mbele ya lenzi. Kasha likifungwa kwenye sitaha saa sita mchana, hewa ya joto yenye unyevu inafungiwa ndani. Likiingia majini kioo kinapoa, unyevu ule unageuka matone, na kila picha inatoka kama imepigwa kwa nyuma ya pazia.

Oringi, yaani pete ya mpira inayoziba kasha, ndiyo inayobeba gharama yote ya kamera. Itoeni kwa ncha ya kadi ya plastiki, msitumie bisibisi. Ipitisheni katikati ya vidole viwili vilivyo safi huku mkiisikiliza kwa ngozi: chembe ya mchanga au uzi wa taulo utausikia kabla jicho halijauona. Futeni mfereji wake kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Kisha grisi ya silikoni, kiasi cha punje ya mchele kwa oringi nzima, ing'ae tu. Wengi hudhani grisi ndiyo inayozuia maji, wakaipaka nene kama siagi. Kinachozuia maji ni mpira uliobanwa, na grisi ikizidi hukusanya uchafu. Baada ya hapo inamisheni tochi mtazame mzunguko mzima kwa mwanga wa ubavuni. Unywele mmoja uliolala kukingama na oringi hauonekani kwa taa ya dari, lakini kwa tochi iliyolazwa unang'aa kama waya. Unywele huo unatosha kupitisha maji. 

Kasha lenye pampu ndogo ya kunyonya hewa linajaribika mezani: nyonyeni, liacheni nusu saa, taa ikibaki ya kijani limeshika. Lisilo na pampu lishusheni kwanza bila kamera, karatasi ya chooni ikiwa ndani, hadi kina cha kazi. Karatasi ikipanda kavu, tieni kamera.

Kuhusu kamera yenyewe, hamhitaji ya bei kubwa kuanza. Kamera ndogo ya kuzuia maji kama Olympus TG-6 hustahimili mita 15 peke yake na mita 45 ikiwa kwenye kasha lake, na ina uwezo wa kupiga kitu kilicho sentimita chache tu mbele ya lenzi. Pesa zilizobaki zipelekeni kwenye flashi ya nje na mikono ya kuishikilia. Kamera ya bei bila flashi ya nje, katika maji ya bandari, ni hasara. Na wale wanaotegemea kamera ndogo za kofia zenye lenzi pana sana wawe macho: lenzi hizo hupinda mistari ya pembeni mwa picha. Bamba lililonyooka huonekana limebonyea, na mhandisi aliye mbali ataomba maelezo ya uharibifu ambao haupo. Kamera ya kofia ni nzuri kwa video, msimamizi akifuatilia juu. Kwa picha za ushahidi tumieni lenzi isiyopinda, na kilicho muhimu kiwekeni katikati.

Asubuhi, kabla ya mtu kuvaa, picha ya kwanza hupigwa juu ya maji. Pigeni jina la meli na namba yake ya IMO yenye tarakimu 7. Ya pili pigeni saa ya simu, sekunde zikionekana. Mkigundua baadaye kuwa saa ya kamera iko nyuma dakika 11, picha hiyo ndiyo itakayosahihisha nyingine zote. Hapa pana mtego wetu wenyewe Waswahili. Kamera inaandika 10:14, mzamiaji anaandika kwenye kibao saa 4:14, msimamizi kwenye daftari la uzamiaji anaandika 10:14, na anayeandaa ripoti anaona uzamiaji miwili, mmoja wa alfajiri. Mkaguzi akiona hivyo anaitilia shaka kazi nzima. Wekeni sharti: kila kinachoandikwa kazini ni kwa saa 24, hata kama mdomoni mnasema saa nne.

Kisha usalama, ambao hauhusu picha lakini picha hazipo bila huo. Rafadha, usukani, rafadha ya pembeni ya omo (mbele ya meli), pampu zinazovuta maji ya bahari na umeme wa kuzuia kutu kwenye bodi (gamba la nje la meli) vyote vizimwe, swichi zifungwe na kuwekewa kibao, na kibali kitiwe saini. Bendera ya Alfa, inayoonyesha kuna mzamiaji majini, ipandishwe. Mwenye kamera ana hatari yake ya ziada: macho yake yako kwenye kioo cha nyuma cha kamera, mkono mmoja umeshika kasha, na amesahau mpira wake umepita wapi. Kamera ifungwe kwa kamba fupi yenye ndoano inayofunguka kwa mkono mmoja. Isifungwe kifundoni mwa mkono kwa fundo.

Chini ya maji mambo mawili hubadilika: ukubwa na rangi. Kwa jinsi maji yanavyopinda mwanga, kila kitu kinaonekana kiko karibu kwa robo na kikubwa kwa thuluthi. Jicho la mzamiaji haliaminiki kwa vipimo, hata awe na miaka 20 kazini. Ndiyo maana rula haikwepeki. Yetu ni kipande cha chuma cha sentimita 30, kimepakwa njano na nyeusi kwa zamu kila sentimita moja, nyuma kina sumaku ili kishike kwenye bodi na kumwachia mzamiaji mkono. Rula ikae sawa na kinachopimwa. Ikisogea sentimita 10 mbele ya ufa, kuelekea kamera, itaonekana kubwa kuliko ilivyo na ufa utasomeka mfupi. Tulishapeleka vipimo vya namna hiyo. Ufa wa sentimita 14 uliandikwa 11, na fundi wa kuchomelea akaja na mpango usiotosha.

Rangi nayo: wekundu hupotea kwanza, na kwenye mita 5 hivi umebaki kidogo sana. Sasa fikirieni meli nyingi tumbo lake limepakwa rangi nyekundu ya kuzuia viumbe. Bila mwanga mweupe, rangi nzima na kutu vinatoka vyote rangi ya udongo mkavu, na hakuna awezaye kuvitenganisha kwenye picha. Flashi ndiyo inayorudisha wekundu, tena ikiwa karibu, kwa sababu mwanga wake nao unachujwa ukienda na ukirudi.

Flashi hiyo hiyo ndiyo inayoharibu picha ikikaa vibaya. Ikiwa kando ya lenzi, inamulika kila chembe ya tope iliyopo kati yenu na bodi, na picha inajaa madoa meupe kama mvua ya unga. Isogezeni mbali, mkono wa upande ukiwa umenyooka kabisa, na muigeuze kidogo kuelekea nje, ili ukingo tu wa mwanga wake uguse mnachopiga. Kisha sogeeni karibu. Kipimo tunachotumia: mkiona mita 1.5, msipige kutoka zaidi ya nusu mita. Kusogea karibu hushinda kila kifaa cha kununua.

Kwa mpangilio wa kuanzia, nguvu ya flashi ipangwe kwa mkono, isijipime yenyewe, kwa kuwa bodi jeusi humdanganya kipimaji na zinki mpya zinazong'aa (vipande vinavyoliwa na kutu badala ya bodi) humdanganya kinyume chake. Anzeni na ISO 200, kasi ya 1/125, kitundu cha f/8 kwa kamera zinazokubali, flashi robo ya nguvu. Pigeni moja, itazameni, ongezeni au punguzeni nguvu ya flashi peke yake. Hifadhini faili ghafi pamoja na JPEG. Baada ya kila sehemu, vuteni picha kwenye kioo hadi muone ncha ya mchomo. Mzamiaji wa helmeti hawezi kuweka jicho kwenye kamera, na kwenye kioo kidogo kila picha inaonekana kali. Kuivuta huchukua sekunde 10.

Kibao cha kuandikia kisiwe cheupe. Flashi hukichoma, maandishi yakapotea, ikabaki karatasi tupu inayong'aa. Tumieni cha kijivu au njano kisichometa, herufi za sentimita 3. Kiandikwe upande, namba ya fremu (vyuma vya ndani vinavyoshikilia bodi), na mshale unaoelekea omo. Mshale huo ni wa lazima kuliko maneno. Mzamiaji aliyelala chali chini ya tumbo la meli hupoteza kushoto na kulia ndani ya dakika chache, na picha ya bamba bapa haina juu wala chini. Fremu nazo, meli nyingi huzihesabu kuanzia tezi (nyuma) kwenda omo, lakini ulizeni mchoro wa meli husika kabla hamjashuka. Pale pasipo na alama, pitisheni kamba chini ya mkuku (uti wa chini wa meli) kutoka upande hadi upande kwenye fremu inayojulikana, iwe na vifungo vya rangi kila mita 5. Mzamiaji anaifuata, na kila picha inapata anwani.

Kwa kila kasoro tunapiga tatu. Chukueni mfano wa mwisho wa mbavu ya pembeni inayopunguza meli kuyumba, mahali ambapo nyufa hupenda kuanzia. Ya kwanza, umbali wa mita moja kama maji yanaruhusu: mbavu inaonekana inapoishia, kibao kiko pembeni, mtu ataelewa yuko wapi. Ya pili, sentimita 30: mchomo wote na rula. Ya tatu, karibu kabisa, flashi ikiwa imelazwa upande mmoja karibu igusane na bodi. Mwanga wa ubavuni unatupa kivuli kwenye kila mfereji. Bonde ambalo kwa mwanga wa mbele halikuonekana linajitokeza, na mstari mwembamba wa kutu unaochuruzika kutoka kwenye ufa unakuwa wazi. Kisha pigeni mswaki wa waya, subirini tope lipite, mrudie zile tatu. Picha za kabla ya mswaki msizifute, zinaonyesha hali mliyoikuta.

Hata hivyo picha haisemi ufa ni ufa. Mkwaruzo kwenye rangi unaweza kufanana nao kabisa, na jibu hutolewa na kipimo cha sumaku na unga wa chuma kikifanywa na mwenye cheti. Kwenye ripoti andikeni "alama inayofanana na ufa". Aliyeandika "ufa" kwa kuamini macho yake anaweza kuisimamisha meli, na aliyeandika "mkwaruzo" kwa kumwonea huruma nahodha anaweza kufanya kubaya zaidi.

Matundu ya kuvutia maji ya kupozea injini: pigeni wavu wote, kisha ndani kupitia wavu, flashi ikielekezwa kwa pembeni. Zinki: kila moja, hata iliyokwisha. Ilipodondoka pigeni boliti zilizobaki. Kazi ya kung'arisha rafadha inataka picha za kabla na baada za panga lile lile, umbali ule ule, pembe ile ile; zikitofautiana mteja atasema ni mapanga mawili, na hana makosa. Mkipima volti za ulinzi wa kutu, zimeni flashi na mpige kioo cha kipimo kwa tochi iliyoinamishwa, la sivyo kioo kinarudisha mwanga na namba haisomeki. Chuma kilicholindwa vizuri, kwa kipimo cha madini ya fedha na kloridi yake, husoma milivolti -800 au chini zaidi, kwa mfano -950. Namba hiyo na sehemu ilipogusishwa ncha vikionekana kwenye picha moja, mjadala umekwisha.

Zipo siku maji hayaonyeshi hata sentimita 30. Hapo tunatumia sanduku la maji safi: sanduku la plastiki angavu lililojazwa maji ya bomba, linabanwa kwenye bodi, kamera inabanwa upande wa pili, na tope linabaki nje. Letu ni sentimita 30 kwa 30 kwa 20. Hiyo ni lita 18, kwa hiyo kilo 18 na plastiki juu yake, msilinyanyue likiwa limejaa sitahani. Lijazeni likiwa linaning'inia usawa wa maji. Toeni hewa yote; povu moja likibaki hukata picha kwa mstari. Flashi imulike kupitia ubavu wa sanduku. Ikimulika kwa mbele, plastiki inairudisha kwenye lenzi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, ni mepesi kidogo kuliko ya bahari, kwa hiyo sanduku litataka kupanda taratibu. Ufito wa risasi unalituliza.

Maji yakiingia kwenye kasha, kioo cha mbele kielekezeni chini ili yakusanyike huko, mbali na betri, na mpande kwa mwendo wa kawaida. Kamera haina thamani ya kupanda haraka. Juu, fungueni kasha mkiwa mmeligeuzia pembeni mwa uso, maana betri ya lithiamu iliyolowa chumvi hutoa gesi na mfuniko unaweza kuruka. Betri itoke, memori kadi itoke na isuuzwe kwa maji baridi. Kadi hupona mara nyingi, kamera mara chache.

Kama mambo yameenda salama, kasha lilowekwe kwenye maji baridi nusu saa likiwa bado limefungwa, kila kitufe kikibonyezwa mara kadhaa, la sivyo chumvi hukauka chini ya vitufe na wiki ijayo vinanasa. Likauke, mikono ikauke, ndipo lifunguliwe.

Nakala mbili zipatikane siku hiyo hiyo, moja kwenye kompyuta na moja kwenye diski inayokaa mahali pengine. Jina la faili liwe tarehe, meli, sehemu, namba. Asili haiguswi. Ukiongeza mwanga au kurudisha rangi, fanya kwenye nakala na useme kwenye ripoti kuwa umefanya. Programu za simu zinazodai kusafisha picha kwa akili bandia msizitumie kabisa: zinaondoa tope kwa kubuni kilicho nyuma yake, na kinachobuniwa kinaweza kuwa mchomo mzima mahali penye ufa.

Kosa linalotendeka kila wiki ni WhatsApp. Mteja ana haraka, kijana wa boti anamtumia picha pale pale. Picha ikitumwa kama picha inabanwa, na taarifa zake za saa na kamera zinafutika. Baadaye mteja anaweka hiyo kwenye jalada lake, ninyi mna nyingine, na hazifanani. Itumeni kama dokumenti, au msubiri ripoti. Na picha za tumbo la meli ya mtu hazipandi kwenye status.

Ripoti haihitaji picha zote 300. Chagueni 40 au 50, zipangeni kutoka omo hadi tezi, kila moja na namba ya faili, saa, kina, sehemu na sentensi moja ya kinachoonekana. Zilizobaki zikabidhiwe kwenye diski. Memori kadi haifutwi jioni hiyo wala kesho yake. Inatiwa kwenye bahasha yenye jina la meli na kukaa kabatini hadi mkaguzi atie saini, ndipo inafutwa, na inafutiwa ndani ya kamera itakayoitumia.